Aliyeuuliza Mwani

Kabla hajatusalimia sisi wafanyakazi wake, Mkuu aliusalimia mwani. Aliingia maabara asubuhi na kikapu chake cha ukili, akapita katikati yetu kama watu wasiokuwepo, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la mashariki. Pale zilipangwa chupa zake za kioo. Aliziinamia na kuuliza, "Mmeamkaje?" Ndipo alipogeuka na kutuona, na kwa sauti nyingine kabisa, ya kiofisi, akasema, "Habari za asubuhi." Wageni walidhani ni mzaha. Nilifanya kazi chini yake tangu nikiwa binti niliyetoka chuoni mpaka maabara yetu ndogo pale Dodoma ilipofungwa, na sikumbuki hata siku moja aliyotutanguliza sisi.

Mwani wenyewe si kitu cha kumvutia mtu. Ni ule ukijani unaotanda kwenye maji yaliyotuama, unaowatelezesha watoto wakienda kuchota, unaowafanya kina mama waseme maji yameoza. Ukiutia kwenye chupa ukautikisa, unafanana na mlenda uliopoa. Mimi ni mtu wa Kondoa, nimekulia mlimani kwenye chemchemi, na kwetu maji ya kijani tulikuwa tunawapa punda. Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu alinikabidhi chupa moja akaniambia niishike vizuri maana ndani mna watu. Nikaona nimeajiriwa na mwendawazimu.

Lakini ule ndio ulikuwa utaratibu wake wa kazi. Maji ya kisima kipya au bwawa yakiletwa kupimwa, sisi tulipima kwa mashine na kwa madawa yetu, na yeye akachukua maji yale yale, akatia mwani humo, akaweka dirishani na kungoja wiki nzima. Ukinawiri, maji yana uhai. Ukipauka na kuzama chini, basi humo mna kitu, hata kama mashine imesema hamna. "Mashine hujibu ulichoiuliza," alikuwa akisema. "Mwani hujibu hata usichouliza."

Tulipochoka kungoja alituhubiria. "Hawa ndio wanaowalisha wote. Vidudu vinawala hawa, perege anavila vidudu, wewe unamla perege. Ukimuua wa chini umewaua wote, ila nyinyi wa juu mtachelewa kupata habari." Hotuba hiyo tuliijua kwa moyo. Kijana mmoja wa stoo aliweza kuiigiza na kikohozi chake chote, na siku moja Mkuu alimkuta akiigiza, akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia amesahau vidudu.

Wakubwa hakuwaogopa. Mkurugenzi mmoja alituma dereva kuulizia majibu ya kisima ambacho kilikuwa kimeshapangiwa siku ya kufunguliwa. Mkuu akamwambia dereva kwamba mwani bado haujajibu. Dereva akasema bosi anasubiri. "Na asubiri," akasema Mkuu. "Yeye si ana kiti?" Kisima kilifunguliwa baada ya mwani kujibu, na utepe ukakatwa na naibu, kwa sababu mkurugenzi alikuwa amenuna.

Hata hivyo mtu huyu ambaye maisha yake yote yalikuwa madimbwi aliogopa chura. Si kuogopa kidogo. Tulikuwa upande wa Bahi tukichota sampuli kwenye majaruba ya mpunga, chura akamrukia kwenye kiatu, na Mkuu, na koti lake jeupe na miwani yake, akajikuta amepanda juu ya boneti la gari la ofisi. Wakulima waliacha majembe wakamtazama. Alishuka baadaye kwa heshima zake zote akasema alitaka kuona mkondo wa maji ukiwa juu. Nyumbani kwake pia hapakuwa na jani hata moja. Uwanja wake ulifagiliwa mpaka ukang'aa, mchanga mtupu, na marehemu mkewe alikuwa akituambia tukienda kuwatembelea, "Kijani chake chote anakimalizia kazini." Chai yake ilikuwa sukari tupu. Gesi ya maabara aliibania kama roho yake, lakini sukari ya wafanyakazi hakuiulizia kamwe, na tulimpenda kwa hilo pia.

Sifa yake haikujengwa maabara, ilijengwa vijijini, na ilijengwa kwa kikombe. Mkuu hakupeleka majibu kwa karatasi peke yake. Alikwenda mwenyewe, akasimama mbele ya watu, na kama maji yalikuwa mazuri aliyachota akayanywa pale pale, yote, akapindua kikombe. Hapo ndipo watu walipoamini. Kama hayakuwa mazuri alikimwaga chini kikombe mbele yao, na hakuna aliyechota tena. Kulikuwa na shule moja upande wa Kongwa yenye kisima cha maji maangavu, matamu, ambayo mashine zetu zote ziliyasifia. Mwani ukafa. Mkuu akaenda akamwaga kikombe mbele ya walimu waliokuwa wameshayanywa msimu mzima, nao wakamkasirikia sana. Walipochimbachimba upande wa juu wa kisima wakakuta mapipa ya dawa ya josho yaliyozikwa na mtu wa zamani, yameoza, yanavuja. Habari ile ilisambaa Kongwa na Mpwapwa na Bahi. Tangu hapo wanavijiji walimwita Mtaalamu, na neno lake halikurudiwa mara mbili.

Kisha likaja soko huria. Sina haja ya kulieleza, aliyekuwepo analikumbuka. Mitumba ilijaa, redio zikaongezeka, maduka yakapata sabuni za kila rangi, na sisi tukakosa karatasi za kuchujia. Mashine kubwa iliharibika na haikuja kutengenezwa. Wenzetu walipunguzwa kazi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaondoka na barua yake na kikombe chake cha chai. Maji ya chupa yalipoingia Dodoma, Mkuu alinunua chupa moja, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. "Hamna mtu," akasema, akaiweka kabatini bila kuifungua.

Mwaka huo huo alikuja bwana mmoja wa kampuni, kijana mchangamfu, na chupa za dawa yenye rangi ya chai ya rangi. Alitueleza kwamba ndani yake mna fedha, fedha ile ile ya bangili na pete, iliyosagwa mpaka chembe zake zikawa ndogo kuliko kijidudu cha ugonjwa. Hazionekani, hazichujiki, na kijidudu kikikutana nazo kinakufa. Tulipima. Alisema kweli. Maji machafu tuliyoyatia dawa ile hayakubakiza hata kijidudu kimoja. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo, maana nilikuwa mama wa watoto wadogo.

Kilichomleta kwetu kilikuwa kijiji kimoja kule Bahi chenye lambo. Lambo ni shimo kubwa linalochimbwa kukinga maji ya mvua, nalo pale lilikuwa maji ya watu, ng'ombe na samaki kwa pamoja. Miaka ya mvua nzuri lilijaa perege na kambale, na kina mama walikausha perege wakawauza mpaka Manyoni. Lakini maji yalikuwa mazito kwa ukijani, na watoto waliharisha. Msimu uliopita walizika watoto, mmoja wao mjukuu wa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuja mwenyewe ofisini, mzee mrefu, mpole, akakaa na kofia magotini. "Sisi tunamsubiri Mtaalamu," alisema. "Akisema tutie, tunatia. Akikataa, tunaacha."

Mkuu akasema atauuliza mwani. Tatizo ni kwamba ilikuwa kiangazi kikali, na lambo lilikuwa tope lililopasuka. Maji yake ya kupimia dawa hayakuwepo. Akatumia tuliyokuwa nayo, ya bomba. Anayeishi Dodoma anayajua maji yetu ya visimani. Yana chumvi, sabuni haitoi povu, na sufuria ya chai huota magamba meupe. Hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyeliwaza hilo, kwa sababu ndiyo maji tuliyoogea na kupikia maisha yetu yote. Mkuu alitia mwani, akatia dawa, akangoja. Mwani ukanawiri. Akaongeza dawa. Ukazidi kunawiri. Namkumbuka alivyosimama dirishani na mikono nyuma, amefurahi kabisa, akasema, "Wamekubali."

Mvua ziliponyesha na lambo kujaa tulikwenda. Dawa ikamiminwa, na baada ya siku chache tukarudi kuangalia. Maji yalikuwa yametakata, unaona mpaka unyayo wako. Kina mama walishuka na ndoo wakicheka. Mkuu alichota kikombe, akanywa chote, akakipindua, na mwenyekiti akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Watoto hawakuharisha mwaka ule. Hilo ni kweli na lazima lisemwe, kwa sababu bila hilo mtu atawaona watu wale wajinga, nao hawakuwa wajinga.

Perege walielea wamekufa kabla mvua hazijakatika. Kambale walivumilia zaidi, kambale ana roho ngumu, kisha nao hawakuonekana. Kule Bahi samaki huja na miaka ya maji na kuondoka na miaka ya jua, kwa hiyo watu walisema muda wao wa kuondoka umefika. Mwaka uliofuata ukijani ulipoanza kurudi wakatia dawa tena, na mwaka uliofuata tena. Mbu wakawa wengi, kwa sababu viluwiluwi vya mbu havikuwa na wa kuvila. Watoto ambao zamani waliharisha sasa walitetemeka kwa homa. Lakini homa ilikuwepo tangu zamani, nani angeihesabia lambo?

Mkuu aliligundua kosa lake kwa njia ya kawaida kabisa. Maji ya bomba yalikatika mjini, tukakinga ya mvua kutoka kwenye bati la ofisi, na yeye akayatumia kwenye chupa zake. Kijiji kingine kilikuwa kimeomba dawa ile ile, kwa hiyo akaupima mwani upya. Nilipofika asubuhi nilimkuta ameinama dirishani lakini sikusikia salamu. Chupa zilizotiwa dawa zilikuwa nyeupe. Mwani wote ulikuwa umelala chini, umepauka kama nywele za mzee. Alirudia na maji ya mvua, ukafa. Maji ya bomba yaliporudi akarudia nayo, ukaishi. Akakaa kwenye kiti cha mgeni, ambacho hakuwahi kukikalia.

"Ni chumvi," aliniambia. "Chumvi ya bomba letu inazikamata zile chembe za fedha, inazigandisha pamoja, zinazama. Mwani hawakukubali dawa, binti yangu. Hawakuiona. Kule lamboni ni maji ya mvua, hayana chumvi. Kule zinaelea kutwa, zinawaingia."

Nilimwambia si kosa lake, maji ya lambo hayakuwepo. Akanitazama kwa hasira, ya kwanza na ya mwisho aliyonionyesha. "Mimi ndiye niliyekunywa," alisema.

Alikwenda kijijini wiki ile ile, akawaambia amekosea. Akawaeleza wasiache dawa kabisa, watie kwenye ndoo nyumbani, wanywe, watoto wapone. Lakini lamboni wasitie. Msimu mmoja tu bila dawa, alisema, ukijani ungerudi wenyewe, na samaki wangepandikizwa. Walimsikiliza, wakampa kuku. Wakatia dawa. Nani atie kwenye ndoo za kaya zote, kila siku, wakati lambo linatiwa mara moja na kwisha? Na Mtaalamu alikunywa, walimwona.

Kisha akastaafu, maabara ikafungwa, mimi nikaajiriwa na kiwanda cha maji ya chupa. Nilipomweleza aliniuliza, "Huko mnaongea na nani asubuhi?" Nikasikia kwamba amehamia kule kijijini, amepanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa akikausha perege. Watoto wake walimfuata mara kadhaa wamrudishe mjini, akakataa. Wakafikiri uzee. Mimi nilijua anafanya nini kule, na kwa miaka mingi sikuwa na nguvu ya kwenda kukitazama.

Mwishoni alinitumia ujumbe kwa kondakta wa basi: njoo, mvua zimeanza, kuna mkutano, uje useme wewe. Nilikwenda. Nilishuka Bahi, nikapakiwa kwenye baiskeli, nikamkuta amekaa nje ya chumba chake, amekonda, macho yamefifia, koti lile lile. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya kijani aliyoyabeba kutoka kwenye majaruba ya mbali.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Umewakuta?" akasema, akanionyesha beseni. "Nawapeleka lamboni kila mwaka. Wanakaa kidogo, wanakufa."

Yule mama mwenye nyumba alitoka na chai. Juu ya meza yake palikuwa na dagaa wa Mwanza kwenye mafungu. "Namwambia apumzike, hasikii," aliniambia. "Kutwa anaomba radhi. Kwa nani? Hapa hana adui hata mmoja. Mbukwenyi, karibu, mwanangu," akanisalimia kwa Kigogo. Nilimuuliza kama yeye anaamini dawa ndiyo iliyomaliza perege. Alipanga dagaa wake kwanza. "Mjukuu wangu wa kwanza alikufa kwa tumbo," akasema. "Hawa wa sasa wako hai. Perege watakuja Mungu akipenda."

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, amezeeka naye, alinikaribisha nikae karibu na Mkuu. Nikasimama nikasema kila kitu: maji ya chumvi, maji ya mvua, chupa nyeupe, mbu. Nikasema Mkuu alikosea na mimi nilikuwepo. Nilisema kwa Kiswahili chepesi na taratibu, nikaona watu wanatazama chini, na nikadhani wanafikiri.

Walikuwa wanaona aibu kwa ajili yangu. Mwenyekiti aliinuka pole pole. "Binti yetu, tumekusikia. Umesoma, hatukatai. Lakini hapa mzee hatumvunjii heshima mbele ya watu. Huyu alisimama pale akanywa, na watoto wetu wakapona. Wewe hujawahi kutuzikia mtoto, wala hujatuponyea." Watu wakaguna kukubali. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Kaa, mwanangu." Nikakaa. Nilikuwa nimeletwa nimsaidie, na mbele yao nilikuwa mtu aliyemtukana.

Mkuu akasimama mwenyewe, ameshikilia kiti. "Anasema kweli. Nilikosea mimi. Nawaombeni, msimu huu mmoja msitie." Nilitamani mtu mmoja tu amkasirikie. Hakuna aliyekasirika. Wengine walitabasamu kama watu wanaotabasamu mzazi wao anapojishusha. "Mtaalamu ni mnyenyekevu sana," akasema mwenyekiti, na macho yake yalikuwa na machozi, nadhani ya kweli. "Ndiyo maana tunampenda. Na kwa sababu leo amesimama mbele yetu, msimu huu dawa ataimimina yeye kwa mkono wake."

Wakampa chupa. Aliipokea, akaitazama, akaifungia ndani ya koti na kuikumbatia kwa mikono yote miwili. "Hii sitoi," akasema.

Watu walicheka, si kwa kejeli. Mwenyekiti alimwegemeza kitini, akamfunika vizuri lile koti. "Kaa nayo, mzee wangu," alisema. "Ndani tunazo nyingine." Akaingia ofisini, akatoka na chupa ya pili, na kijiji kizima kikamfuata kuelekea lamboni. Mimi nilibaki na Mkuu. Kutoka kule chini tulisikia vigelegele, kisha makofi.